Mama Pasi na Kurasa Kumi na Sita za Kiyunani

Mchungaji, wazee, majirani, na ninyi wa chumba cha kufulia cha hospitali mliokaa pale nyuma na sare zenu, familia ilikaa kikao juzi na kunituma mimi, mtoto wa kaka wa marehemu, niandike na kuwasomea maisha yake, kwa sababu, kama alivyosema Baba Mkubwa mbele ya kikao, mimi ndiye mwenye nafasi, maneno ambayo maana yake ni kwamba nina degree na sina kazi, na kwa kuwa ni kweli tupu, sikubisha, nikashika kalamu.

Shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, katika chumba cha uani cha nyumba ya babu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mke wake muuza mboga, na mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu ana koo la mnadi, jambo ambalo kwa miaka sitini na minne hakuna aliyewahi kulipinga.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, katika shule iliyokuwa mkabala na ghala la nafaka, akahitimu darasa la saba Novemba 1972, akiwa wa kwanza kwa wasichana na wa pili kwa wote, na yule aliyemshinda yupo hapa leo, amevaa koti la kijivu, ameniomba nisimtaje, naye akaenda sekondari, lakini Shangazi akabaki nyumbani, kwa kuwa babu aliamua, with all due respect kwa wafu, kwamba pasi haihitaji sekondari, na uamuzi huo haukukatiwa rufaa.

Mwaka 1975 alianza kupiga pasi kwa dobi mmoja karibu na soko, pasi ya mkaa, na tarehe 3 Februari 1981 akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, lile jengo refu la bati lililo nyuma ya wodi ya watoto, ambako alifanya kazi miaka thelathini na saba na miezi minne, hadi alipostaafu siku alipotimiza miaka sitini, bila kuunguza hata foronya moja, ingawa wenzake wananikonyeza hapa kwamba ilikuwepo moja, ya mwaka 1994, ikafichwa.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na fundi saa, mtu mpole aliyesikia kila kitu na kujibu nusu yake, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza dereva wa lori na wa pili nesi, na wajukuu watano, na mumewe akatangulia mbele ya haki tarehe 2 Mei 2006, ndipo nyumba ikawa kimya kuliko Shangazi alivyoweza kuvumilia.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo baadhi ya wazee wa familia walinishauri niipite kwa mstari mmoja, nami nimekataa, kwa sababu kuipita ni sawa na kusema habari za fundi saa bila kutaja saa.

Katika chumba kile cha kufulia kuna desturi kwamba nguo haiingii kwenye mashine kabla kila mfuko haujapekuliwa, na kinachopatikana huwekwa kwenye sinia na kuandikwa daftarini, na Jumanne ya tarehe 12 Agosti 2008, katika joho la mchungaji wa hospitali, Shangazi alitoa kijitabu kidogo kama kiganja, akakifungua, asiweze kusoma hata herufi moja, akaudhika, maana yeye alizoea kusoma chochote kilichopita mbele yake, hata maelekezo ya sabuni, na mchungaji alipokuja kukifuata akaambiwa hakipati mpaka aeleze hiyo ni lugha gani na inasomwaje.

Ilikuwa Agano Jipya kwa Kiyunani, lugha lilimoandikwa tangu mwanzo, na mchungaji yule, Mungu ambariki huko alikohamishiwa, badala ya kucheka alikuja kila siku saa saba mchana kumfundisha herufi, na Januari 2009 alipopewa uhamisho akamwachia kijitabu kile, pamoja na rundo la karatasi alizotoa kopi kwenye mashine ya ofisi, kitabu cha sarufi ya Kiyunani kilichoandikwa kwa Kiswahili, akamwambia aendelee polepole, neno ambalo Shangazi hakuwahi kulielewa katika lugha yoyote.

Kiyunani, kwa wasiojua, nami nilikuwa mmoja wenu, ni lugha ambayo nomino moja hubadili mkia kila inapobadili kazi katika sentensi, na kitenzi hubadilika mbele na nyuma kulingana na nani alitenda na lini, na wanafunzi wa vyuo hulia machozi, serious, lakini Shangazi alishangaa wanalilia nini, akasema mtu anayeweza kusema "hatukuwapigia" kwa pumzi moja, na ndani yake kuna sisi, kuna hapana, kuna jana na kuna wao, hawezi kutishwa na Wayunani.

Njia yake ya kujifunza mnaijua ninyi mlio nyuma, maana aliwaingiza bila kuwauliza, kwa kuwa shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili, mnashika ncha, mnakutana, mnaachana, naye akaweka umbo moja la nomino kwa kila hatua, hatua nane kwa jumla, logos, yaani neno, logou, maumbo manne ya umoja mkikutana, logoi na wenzake, manne ya wingi mkiachana, shuka baada ya shuka, na maumbo ya vitenzi akayabana kwa vibanio kwenye kamba iliyopita juu ya meza za pasi, hadi msimamizi wa ufuaji akampa barua ya onyo kwa kosa la kutumia lugha zisizofahamika mahali pa kazi, barua ambayo Shangazi aliipokea kwa adabu, akaipiga pasi, akaibana kwenye kamba pamoja na vitenzi.

Na mzee mmoja wa kanisa alipomwambia kwamba Kiyunani ni cha wachungaji, yeye atosheke na tafsiri, alimjibu kwamba kama joho la mchungaji analifua yeye na kola anainyoosha yeye, haoni kwa nini maneno yatamshinda.

Mimi nilihamia kwake Septemba 2016, baada ya kutuma maombi ya kazi mpaka karani wa posta akaanza kuniita mteja, na kazi pekee niliyopata ilikuwa kushika daftari lake na kumuuliza maumbo huku akinyoosha nguo za majirani, na siku moja, kwa uchungu wangu mwenyewe, nilimuuliza, "Shangazi, hivi hiki Kiyunani kitakupa nini?" naye bila kuinua pasi akasema, "Na hiyo degree yako imekupa nini, mwanangu? Haya, uliza kinachofuata," nikauliza kinachofuata.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha amani, nalo nataka lieleweke, maana ndilo alilolibeba hadi mwisho, kwamba alikuwa amejifunza peke yake, amesoma injili iliyo fupi kuliko zote nne mara kumi na moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia kama anachokijua ni Kiyunani kweli au ni ndoto ya mjane, kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2019 alivaa vizuri akaenda chuo cha theolojia kuomba afanye mtihani wa mwaka wa kwanza, nami nilikuwepo, kwenye benchi lile la mbao mbele ya dirisha la msajili, na msajili akataka cheti cha kidato cha nne, alipoambiwa hakuna akasema basi hakuna, naye Shangazi akainama kwenye lile tundu la kioo akasema, "Baba, sitaki karatasi yenu. Nataka mtu anayejua aniambie kama ninajua," na msajili akamwelekeza dirisha namba tatu, ambalo lilikuwa limefungwa.

Alirudi mara mbili zaidi, na dirisha namba tatu, sorry to say, halijafunguliwa mpaka leo.

Novemba 2022 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, ngazi tatu za mlangoni zikawa safari, na Januari daktari akatuambia kwa upole kwamba tuhesabu wiki, siyo miaka, ndipo nilipokaa chini nikamwandikia barua mwalimu wa Kiyunani wa chuo kile, si msajili, mwalimu mwenyewe, nikaambatanisha kopi ya kurasa mbili za daftari la Shangazi, na kati ya barua zote nilizowahi kuandika kuomba jambo katika maisha yangu, hiyo ndiyo iliyojibiwa.

Shangazi alilazwa tarehe 6 Februari 2023, katika hospitali ileile, juu ya mashuka yaliyokunjwa na wanafunzi wake, na jambo la kwanza alilofanya ni kukagua pindo na kutuma ujumbe kwamba kona zinalegea.

Mwalimu alifika Alhamisi ya tarehe 16 Februari, saa tisa alasiri, mzee mwembamba mwenye mkoba wa turubai, akavuta stuli, akafungua barua mojawapo ya mitume ambayo Shangazi hakuwahi kuisoma, akamwambia asome na kueleza kila kitenzi, nani na lini, na Shangazi akasoma, kwa ile sauti ya mnadi iliyobaki nusu, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyamaza, na nesi alipokuja na kipimo cha presha akainuliwa kiganja asubiri, akasubiri, na walipomaliza mwalimu akaomba kuona daftari.

Alipofika katikati alisimama, kwenye jedwali kubwa ambalo Shangazi aliliita "jamii ya sa," kwa silabi aliyoiona mkiani mwao, vitenzi vya jambo lililotendeka likaisha, kila kimoja kimeandikwa na mahali kilipookotwa katika injili ile, mia tatu na zaidi, akauliza limenakiliwa kutoka kitabu gani, Shangazi akashangaa, akasema halikunakiliwa popote, yeye alifuata tu agizo la ukurasa wa themanini na saba, akalitoa rundo lile la kopi chini ya mto, na kweli, ukurasa ule unaishia kwa maneno kwamba mwanafunzi atazame mwenyewe jinsi vitenzi hivi vinavyo, basi, unakatika hapo, na unaofuata ni wa mia moja na nne, na kwa kuwa kitabu kilisema atazame mwenyewe, alitazama mwenyewe, miaka tisa.

Mwalimu akavua miwani, akasema, "Mama, hukuagizwa. Kurasa kumi na sita zilirukwa kwenye mashine ya kopi. Jedwali hili lote lilikuwemo humo, limeshaandikwa."

Nikamtazama Shangazi, nikaogopa, maana mimi ningelia, au ningemtafuta mwenye mashine, lakini yeye akauliza, "Na langu linafanana na la kitabu?"

Mwalimu akatoa kitabu chake kamili kwenye mkoba, wakalinganisha mstari kwa mstari, mzee na mzee, vidole viwili kwenye karatasi mbili, hadi saa kumi na moja ya jioni walipofukuzwa kwa chakula cha wagonjwa, na mwisho akamwambia, "Unajua, Mama. Una makosa mawili," na niliyemwona kitandani pale hakung'aa kwa lile neno la kwanza, aling'aa kwa hayo makosa mawili, kwa sababu sifa mtu yeyote hukupa, hata asiyekusoma, lakini kosa hulioneshwi ila na aliyekusoma kweli, akauliza ni yapi, akaoneshwa vitenzi viwili vilivyokaa safu isiyo yao kwa kuwa havina ile "sa" aliyoizoea, akaomba kifutio, akafuta, akaandika upya kwa mkono wake, akapuliza vumbi.

Alituaga Jumapili ya tarehe 5 Machi 2023, saa nne asubuhi, binti yake akiwa ameshika mkono wake, akiwa na miaka sitini na minne, miezi minane na siku ishirini na nne.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya pili kwa mikono yao mizuri, na nesi wa presha kwa subira, inawashukuru majirani waliobeba viti na maji bila kuitwa, na wenzake wa kufulia, ambao jana walilikunja shuka lake la mwisho kwa hatua zilezile nane, kwa sauti, tukawasikia hadi barabarani, na msimamizi mstaafu aliyeandika barua ya onyo naye alishika ncha moja.

Inamshukuru pia mwalimu, aliye hapa, ambaye ameomba na kupewa ruhusa ya kutoa kopi ya daftari hili kwa darasa lake jipya linaloanza Jumatatu, nami nimeipeleka mwenyewe kwenye mashine, nikahesabu kurasa zote kabla ya kulipa, hakuna iliyorukwa, na pale penye makosa mawili mwalimu ameagiza paachwe kama palivyo, na alama ya kifutio ionekane.

Pumzika, Shangazi, kwa amani yote, hatukulilii kama wasio na tumaini.