Anwani Iliyobisha kwa Kinyozi

Mambo ambayo mashahidi wote wa kijiweni walikubaliana ni haya. Kwamba Kinyozi, mwenye jengo, mwenye baraza na mwenye antena ya intaneti ambayo baraza zima huivuta bure, alifunga kamera ndani ya saluni yake ili aitazame kwenye simu hata akiwa mbali. Kwamba alibadilisha nywila ya kamera hiyo, na tangu hapo simu ikawa haiishi kumwonya: kuna anwani imejaribu kuingia, imekosea nywila, imeondoka, imerudi. Kwamba anwani yenyewe ni msururu wa tarakimu, maana kila atokaye kwenda mtandaoni hutoka na namba yake, kama gari na bamba lake. Kwamba upo ukurasa ambako watu huziripoti anwani korofi, na kadiri malalamiko yanavyoongezeka ndivyo milango mingi zaidi ya mtandao inavyofungwa mbele ya anwani hizo. Na kwamba wanabaraza waliiripoti, wote. Zaidi ya hapo, kila neno lililosemwa asubuhi ile lilikuwa dhana iliyovalishwa koti la ushahidi.

Ndivyo, walau, alivyoona Pingamizi, karani mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna sentensi iliyowahi kupita mbele yake bila kupekuliwa. Alikaa pembeni mwa benchi, kikombe cha kahawa gotini. Kilichokuwa kikijadiliwa ni riziki ya mtu. Fundi Simu alikuwa amehamia na kabati lake la vioo kwenye kona ya baraza wiki ileile nywila ilipobadilishwa, na sasa Kinyozi alikusudia kumwondoa kabla ya adhuhuri. Fundi mwenyewe alikuwa palepale, ameinamia simu iliyopasuliwa tumbo, akisikia yote na kujifanya hasikii.

— Mimi sina maneno mengi, alisema Kinyozi. Huyu bwana alikuja, na anwani ikaja. Aondoke, tuone kama nayo haitaondoka.

— Pingamizi, alisema Pingamizi. Jogoo huwika na jua likachomoza. Tumchinje jogoo, tuone kama hakutakucha?

— Mzee, hapa si kortini.

— Ndiyo maana nina wasiwasi.

Mshona viatu, aliyeitwa Satelaiti kwa kuwa hakuna habari duniani isiyomfikia yeye kwanza, aliweka kiatu chini.

— Kwenye ule ukurasa kuna ramani, mzee wangu. Nimeiona kwa macho yangu. Kidoti kimeangukia mji huuhuu, si ng'ambo. Wahenga hawakukosea: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Hiyo inahusiana nini na kidoti?

— Ukingo si ndio ule, kona ya baraza.

— Tena analipiza, alidakia Kinyozi. Tangu tumripoti, ukurasa wa benki unanikataa. Ule wa kuagizia mashine za kunyolea unanitaka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu. Mimi, na ndevu zote hizi.

— Hata redio yangu ya mtandaoni imegoma, alisema Satelaiti. Umeona mchezo? Kila tukimpiga ripoti moja, na sisi tunafungiwa mlango mmoja. Jamaa ana watu ndani. Mimi nasema ile bisibisi si ya kufungulia simu. Ile ni antena.

— Jana ulisema katumwa na watengeneza nyembe, alisema Pingamizi.

— Jana sikuwa na picha kamili. Sikilizeni, haba na haba hujaza kibaba. Kila mtu ampige ripoti nyingine sasa hivi, kahawa kabla haijapoa.

Vidole vikaenda kazini. Cha Pingamizi hakikwenda. Mara ya kwanza alikuwa amebonyeza pamoja na wengine, kwa kuona aibu kuachwa nyuma, na tangu hapo kahawa ya benchi lile ilikuwa imepoteza ladha mdomoni mwake. Maisha yake yote ya kazi aliisikia kanuni ileile ikisomwa: mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa.

— Fundi, aliita. Hizo tarakimu, umewahi kuonyeshwa?

— Hapana, mzee. Nimeonyeshwa njia ya kuondokea tu.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja kuchukua simu yake. Alisalimu, akaitikiwa, akauliza mbona fundi amekaa kama mfiwa. Satelaiti akamsimulia, na katika kusimulia wale wasaliti wa ndani wakaongezeka kidogo. Mwanamke alisikiliza hadi mwisho.

— Na nyinyi hapa, anwani yenu ni ipi?

Kinyozi alimtazama Satelaiti. Satelaiti alitazama ndani ya kikombe, kana kwamba jibu lingeelea.

— Ule ukurasa wa kuripotia, alisema Fundi taratibu, ukiufungua tu huandika juu kabisa: wewe unaonekana kwa anwani hii. Na antena ni moja. Wote tulioishika, huko nje tuna namba moja, kama nyumba yenye mlango mmoja.

Hakuna aliyekuwa ameusoma mstari wa juu. Wote walikuwa wamekimbilia kitufe cha chini. Pingamizi alitoa simu yake, akafungua ukurasa, akafuatisha tarakimu za juu na zile za malalamiko kwa kidole, kisha akarudia. Akailaza simu katikati ya benchi, uso juu.

— Ni ileile.

Kinyozi aliinama, akazisoma tarakimu mwenyewe.

— Basi hiyo ndiyo hatari yenyewe, alisema Satelaiti. Kajificha ndani yetu.

— Na Fundi si yumo ndani yetu? alisema Kinyozi. Naye anavuta antena yangu.

Pingamizi alilipima hilo, na hakuweza kulitupa.

— Anavuta, kweli. Nawe unavuta. Nami pia.

Dirisha la ghorofani likafunguliwa. Alikuwa mama mkwe wa Kinyozi, mkononi ana simu ya zamani ya mkwewe, aliyomrithisha aliponunua mpya.

— Mkwe wangu, hii kamera mbona mpaka leo inanikataa? Kila nikitaka kutazama kama umekula, inaniambia nimekosea nywila. Nimejaribu tena sasa hivi.

Simu ya Kinyozi ikalia mfukoni mwa koti lake jeupe. Hakuitoa.

— Nakuja, mama.

Satelaiti alifungua kinywa kutoa nadharia kuhusu mama mkwe, akatazamwa, akaifunika kwa kikombe. Kikombe kilikuwa kitupu. Birika nalo, lilipoinamishwa, lilitoa mashapo ya kahawa tu. Fundi alikuwa amesimama kando ya kabati lake, kufuli mkononi, akingoja kuambiwa kama ni la kufungia au la kuhamia.

— Hata hivyo, alisema Kinyozi akiwa mlangoni, bila kugeuka, mbona alikuja wiki ileile?

Yaliyokubaliwa umeyasikia, na yaliyodhaniwa umeyasikia. Pingamizi hakutoa uamuzi; kidole chake nacho kilikuwa kimebonyeza, na mlalamikaji hakai kwenye kiti cha hakimu. Kiti hicho bado ki wazi, na Fundi bado ameshika kufuli. Keti wewe.