Bibi Rufina Naputi Taisacan na Jina la Saa Yetu

Baba Padri, wazee wetu, ndugu mliotoka Guam, Saipan na Tinian, na ninyi jirani zetu wa hapa Songsong, kisiwani Luta, familia imenipa mimi Eulalia, bintiye wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, nami nimeahidi kutolia mpaka niifikishe karatasi hii mwisho.

Marehemu Rufina Naputi Taisacan alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 katika kijiji cha Inarajan, kusini mwa Guam, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Felipe Naputi, mpiga kengele wa kanisa, na marehemu Engracia Paulino, na akabatizwa siku ya nane katika kanisa hilohilo alilotumikia baba yake.

Alikuwa na umri wa miaka mitano Desemba 1941, askari wa Kijapani walipokiteka kisiwa na kuamuru kila mwenye saa airudishe nyuma kwa saa nzima, ili Guam ihesabu wakati kama Tokyo, hata ikawa jua limeshapita utosini ndipo kengele ya babu ya saa sita mchana inalia. Mtoto Rufina, ambaye hakuwahi kujua kunyamaza, alimvuta mama yake nguo na kuuliza mbele ya watu, "Nåna, saa yetu moja imekwenda wapi?" Bibi yetu Engracia akamfinya sikio na kumwambia, "Shika adabu yako! Wameichukua wenye bunduki." Wamarekani walipokikomboa kisiwa Julai 1944, familia ikiwa kambini Manenggon pamoja na maelfu ya watu wetu, babu aliisogeza mbele saa yake ya mfukoni kabla hajatafuta hata maji ya kunywa, na marehemu alisimulia kwamba siku ile ndiyo aliyomwona baba yake akicheza kwa mara ya kwanza, miguu peku, kwenye tope.

Alisoma shule ya msingi ya Inarajan kuanzia mwaka 1945, akahitimu sekondari Juni 1954, na tarehe 3 Januari 1955 akaajiriwa kuwa mpokeaji wa simu za nje mjini Hagåtña, mahali ambapo kwa miaka tisa aliunganisha watu wa visiwa hivi na watoto wao waliokuwa jeshini na vyuoni ng'ambo, na akazijua saa za dunia nzima kwa kichwa, bila kutazama ubao.

Ni katika waya hizo ndipo alipompata baba yetu, Bonifacio Hocog Taisacan, karani wa redio ya mawasiliano hapa Luta, ambaye kila asubuhi alipiga kuhakikisha saa yake inakwenda sawasawa, mpaka siku moja Mama akamuuliza, "Bwana Taisacan, saa yako ni mbovu au ni wewe mwenyewe?" naye akajibu, "Saa ni nzima, Bibi, mbovu ni mimi." Walifunga ndoa tarehe 16 Mei 1964, Mama akahamia huku kwetu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Eulalia, Prudencio, Benigno na Marcelina, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watano. Kuanzia mwaka 1970 alifanya kazi kwenye dawati la maelezo la uwanja wa ndege hadi alipostaafu Aprili 1998, na wengi wenu mlio hapa mlipanda ndege yenu ya kwanza mkiwa mmeshindiliwa mikate ya titiyas mikononi na yeye.

Sasa naomba nisimulie jambo ambalo yeye mwenyewe alilisimulia kila Krismasi, akiwa amesimama, maana hakuweza kulisema ameketi.

Mwezi Machi 1997 zahanati yetu iliomba mashine ya eksirei, na ofisi moja huko Marekani bara ikatuma fomu ya kupanga kikao cha simu, Mama akiwa katibu wa kamati. Fomu ilitaka uchague jina la ukanda wako wa saa, na kwenye orodha palikuwa na majina manane, hata ndugu zetu wa Samoa walikuwa na la kwao, ila la Guam na visiwa vya kaskazini halikuwapo, kwa sababu sheria ya Marekani, inayovitawala visiwa hivi, ilikuwa haijatupa jina. Mama aliandika kwa mkono pembeni, "Sisi hatumo humu, tuko mbele," lakini karani aliyeipokea akatuweka chini ya Hawaii, ambayo iko nyuma yetu kwa saa ishirini. Kamati ilikaa Jumanne saa nne asubuhi, nguo zimepigwa pasi, kahawa imechemka, simu katikati ya meza kama mgeni rasmi, na simu haikulia. Ikalia Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, ofisi ikiwa na kufuli. Tuliandikiwa kwamba hatukuonyesha nia, ombi likasogezwa mwaka mzima, na mwezi uliofuata mama mzee wa hapa, Tan Dolores Ayuyu, alivunjika paja akasubiri ndege siku mbili ili akapigwe picha Saipan.

Baba alijaribu kumchekesha, "Fina, watu hao hawajui hata tunaamka lini," lakini Mama hakucheka, alikuwa ametoka kumshika mkono Tan Dolores, akasema, "Basi tutawaamsha wao."

Hakuwa peke yake, na hakuwahi kudai kuwa jambo hili la kuipatia saa yetu jina ni lake, kwani walikuwapo wengi, Guam na huku kaskazini, waliolitaka kabla yake na pamoja naye. Lakini alipostaafu alinunua madaftari sita, akazunguka Luta nyumba kwa nyumba, akavuka Tinian na Saipan, akarudi Guam kijiji kwa kijiji, akikusanya sahihi kwenye sherehe za watakatifu, kwenye mapambano ya majogoo na, Mungu amsamehe, hata kwenye foleni ya maungamo.

Kikwazo kikawa jina lenyewe. Tarehe 14 Agosti 1999, siku ya Jumamosi, wakusanya sahihi wa visiwa vyote walikutana katika ukumbi wa Sinajana, Guam, na kabla chakula hakijafunuliwa walikuwa wamegawanyika, wa Guam wakitaka "saa za Guam" kama ilivyozoeleka midomoni, na wa Saipan wakisema afadhali wakae bila jina kuliko kuitwa mkia wa Guam. Aliyeongoza upande wa Guam alikuwa mjomba wetu Gregorio Naputi, kakake marehemu, ambaye yupo hapa mbele yenu. Mama aliposimama kupinga, mjomba akamrukia, "Kaa chini, Fina! Umekula kulungu wa Luta mpaka umesahau kwenu!"

Ukumbi ulicheka, na Mama akangoja wamalize. Kisha akasema, "Kaka, siku Nåna anakata roho ulinipigia simu, ukaniambia, njoo, daktari anasema hafiki saa sita. Nilikuuliza saa sita za Guam au za Luta?"

Akajijibu mwenyewe.

"Sikuuliza, kwa sababu ni moja. Nilifika saa tano na nusu, nikamkuta anapumua. Saa hii ni ya watu, Kaka, si ya kisiwa. Iitwe Chamorro, jina la kabila letu la visiwa vyote."

Akainuka mama mmoja wa Kikaroline, kabila jingine la visiwa hivi, kutoka Saipan, akauliza kwa upole, "Na sisi tulio Wakaroline, Tan Fina, tutakuwa wageni ndani ya saa yetu wenyewe?" Mama alikiri hadharani kwamba swali hilo ni la haki, akaomba barua ya kwenda Washington iseme waziwazi kwamba saa hiyo ni ya kila anayeishi visiwani, na mama yule akasema, "Andika kwanza nione." Likaandikwa palepale, akalisoma mara mbili, akatia sahihi. Mjomba Gregorio alikuwa wa mwisho kushika kalamu, akaguna, "Tangu utotoni huyu hashindiki, nipeni nikale."

Sheria ya kuipa saa yetu jina hilo ilitiwa saini Washington tarehe 23 Desemba 2000, na habari zikatufikia Jumapili tarehe 24, sisi tukiwa kanisani. Baba, aliyebaki nyumbani na redio yake, alikuja na gari akipiga honi kuanzia barabara ya bandarini, akaingia na kandambili mpaka katikati ya kanisa, akapaza sauti, "Fina! Tayari! Wametia saini!" Wanakwaya walikwama katikati ya wimbo, Padri wa wakati ule akageuka kuuliza kuna moto wapi, na Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuongea kwenye mimbari, akapanda hadi juu, akaangalia saa ya mkononi, machozi yakimchuruzika, akatangaza, "Ndugu zangu, sasa hivi ni saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi, saa za Chamorro!" Watu walipiga makofi, walikanyaga sakafu, wakaitikia "Biba!", yaani idumu, mpaka njiwa wakatoka kwenye dari, na misa ikaendelea baada ya robo saa. Mashine ya eksirei ililetwa Februari 2002, kwa ombi jipya, na wa kwanza kupigwa picha alikuwa Baba, aliyeteleza akicheza siku ya kuipokea.

Baba alitutoka tarehe 9 Septemba 2011. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Oktoba 2019, akatibiwa hapa na Guam, na mwezi Mei mwaka huu 2025 alilazwa, kisha akapelekwa nyumbani kwa mjomba Inarajan. Mjomba alitaka azikwe kule alikozaliwa, naye akamwambia, "Gorio, nilaze Luta kwa Bonifacio. Ni nusu saa tu angani, utakuja kunigombeza." Aliaga dunia Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa kaka yake, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa visiwa vyote viwili, jirani mliopika na kusali nasi rozari siku zote tisa, wenzake wa uwanja wa ndege, rubani aliyekubali kuondoa viti ili jeneza lienee, na abiria wanne, ambao majina yao hatukuyapata, waliosikia ni nani anayesafirishwa wakashuka wenyewe wangoje ndege nyingine. Mjomba, asante kwa kutuletea Mama yetu.

Mama, umefika Luta, Baba yuko hapo pembeni, na umezungukwa na watu kutoka kila kisiwa. Pumzika sasa, Mama, kwa amani ya Mungu.