Shuka ya Mama Mukonyo

Mheshimiwa mwakilishi wa wodi yetu, Mchungaji Haron uliyetuazima ukumbi huu wa chini ya kanisa, wazee, akina mama, ndugu zangu wapiga picha wa Ngara, na zaidi ya wote wewe Mzee Muindi tunayekuaga leo: hamjambo? Mbona mnaitikia kama watu ambao hawajala? Hamjambo tena!

Mimi ni Namalwa, mwenyekiti wa chama chetu. Nimeambiwa niseme maneno mazuri juu ya mzee anayestaafu, nami nitasema, lakini mniwie radhi sauti ikikatika. Sote tunajua Mzee haachi kazi kwa kuchoka. Mwezi wa tatu tulimzika mkewe, Kasiva, Mama Mukonyo, na bila yeye hataki tena kushika kamera.

Wageni wetu, mnaijua kazi yetu? Harusi za hoteli kubwa hazitufikii. Sisi huitwa kwenye chumba kimoja kilichojaa watu, kina dirisha dogo na taa inayowaka kwa kusitasita. Ukimwelekezea mtu flashi usoni humo ndani, macho yanakuwa mekundu, uso unameremeta kama umepakwa unga, na nyuma yake ukutani kinasimama kivuli cheusi utadhani mwizi. Mzee Muindi ndiye aliyetufundisha kuigeuza flashi iwape watu kisogo, ipige ukuta, ndipo mwanga uwarudie ukiwa umepoa.

Sasa, siku ya harusi ya Phoebe na Odero, kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba ya tajiri wao huko Muthangari, ukuta ulikuwa wa kijani. Mzee akapiga. Tukachungulia kwenye kamera: lo! Bibi harusi kijani kama sukumawiki. Phoebe akaanza kulia. Kasiva alikuwa amekuja kula pilau tu, na mama huyo hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Akaweka sahani chini, akavuta shuka nyeupe kutoka kitandani, akapanda juu ya kreti ya soda, akaitandaza kwa mikono miwili.

"Muindi! Geuza hiyo kitu huku kwangu!"

Mama wa bwana harusi akapiga kelele, "Wewe mama, hiyo si shuka ya maharusi?"

"Watalala bila. Picha ndio itabaki!"

Phoebe, si uko hapo? Si picha ile ingali ukutani kwako? Ni wewe uliyemwachia shuka ile, na tangu siku hiyo hakuiweka chini. Mzee akiwa mbele na kamera, Kasiva yuko nyuma yake, mikono juu, akimchokoza: "Baba Mukonyo, unapiga ama unaomba?" Watu wakiangua kicheko, Mzee anabonyeza hapo hapo. Zile nyuso zenu mnazozipenda kwenye albamu zilikuwa zikimcheka yeye.

Tulipomwambia, "Mama, njoo nawe upigwe," jibu lake lilikuwa moja: "Nikiweka shuka chini, mwanga mtautoa wapi?"

Kinyozi hajinyoi. Alipofariki, bintiye Mukonyo alitafuta picha ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Akatafuta, akatafuta. Wapiga picha tulijaa ua mzima, kamera shingoni, na picha iliyopatikana ni ya kitambulisho. Nani kati yenu hakuumia? Mimi niliumia, na bado naumia. Pale kaburini Mzee alisema neno moja tu: "Sina picha yake."

Baadaye alijaribu kazi moja. Shuka akaitundika kwa misumari, na picha zikatoka safi kabisa. Lakini aliniambia, "Namalwa, nilisimama nikingoja aniulize kama naomba. Nikafunga begi." Ndipo akaniletea shuka ikiwa imekunjwa, akasema niirithi.

Chama kilikuwa kimenunua fremu kubwa ya kumpa leo, tuweke ile picha ya kitambulisho. Jana nikaikunjua shuka niione. Woi! Huku juu, pembe ya kulia na pembe ya kushoto, kuna alama za vidole. Ni ile dawa ya kuchua aliyojipaka mikono ilipomuuma kwa kuiinua. Aliifua kila wiki, lakini alama zimekataa kutoka. Mzee, wewe hukuwahi kuziona, maana siku zote ulikuwa umempa mgongo ukitutazama sisi.

Kwa hivyo shuka hii siirithi, Mzee, unisamehe. Mukonyo mwanangu, ondoa hicho kitambaa juu ya fremu. Shuka yenyewe imo ndani, na mikono yake yote miwili.

Mzee Muindi, picha ya mkeo ndiyo hii. Njoo uipokee. Nanyi nyote mlionisikiliza, asanteni sana, ila msipige makofi kwanza. Mwacheni aitazame.