Majoho Yaliyopwaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, walimu wenzangu, wazazi na walezi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wahitimu mlionipandisha presha miaka miwili mfululizo: nawasalimu nyote, na karibuni katika chuo chetu cha ushonaji.

Mmewaona wanavyopendeza? Kila joho limeshonwa na aliyelivaa, kwa vipimo vya mwili wake. Likishapita mtihani tunalifungia kabatini mpaka siku ya leo, haliguswi hata kwa sindano. Majoho yetu hayapwayi kama ya kukodi, yanakaa mwilini. Miaka yote nimesimama hapa nikiyatazama kwa raha. Leo nayatazama kwa hofu, jamani.

Hotuba niliyoiandika ilikuwa ya kumsifu mwanafunzi bora. Kiti chake kile pale mbele, kimevishwa joho lake. Fundi yule! Mpe pazia kuukuu, atakutolea suti. Juzi aliniaga kwa mzaha, "Mwalimu, nimekonda mpaka futi inanisahau," darasa zima likacheka, nami nikacheka. Hakuufikia mlango. Alianguka ameshika kifua, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama cherehani ya umeme iliyokanyagwa ikasahauliwa.

Hospitalini daktari alishangaa. Dalili zote zilisema imezidi ile homoni ya tezi ya shingoni, inayouamuru mwili uchome chakula kwa kasi gani. Damu ilipopimwa, homoni yenyewe ikakutwa imepungua! Yawezekanaje? Ndipo mama wa binti huyo alipotoa mkobani kichupa cha vidonge vya kupunguza mwili, daktari akakisoma, akakunja uso.

Alinieleza, nami nawaeleza kifundi. Mwili huikata homoni ile vipande vipande, kama sisi na kitambaa. Vipande vingine havina nguvu, vingine wataalamu bado wanachunguza kazi yake, na kimoja, ambacho mwili hukitengeneza kidogo mno, kinaamuru karibu kama homoni yenyewe. Nani kati yetu asiyejua kwamba mabaki chini ya meza si takataka? Basi kuna watu wamekijaza kipande hicho kwenye vidonge. Tezi inaona amri zimetosha, inalala. Mwili unaendelea kuungua. Unadhani unachoma mafuta, kumbe unachoma na misuli, na moyo nao ni msuli.

Yuko hai, msishtuke. Yuko wodini, mashine inafuatilia mapigo yake. Ila aliniambia, pumzi ikimkatika, "Mwalimu, si mimi peke yangu. Tuligawana." Na nani? Akageukia ukutani. Hataji wenzake, yule. Uaminifu mwingine ni balaa.

Kwa hiyo mlipoingia mkiimba, wimbo sikuusikia. Nilikuwa natazama mabega na viuno. Kikulacho ki nguoni mwako, na waliosema hawakukosea: majoho matatu yamepwaya. Wawili mmeshainamisha vichwa, nimewaona. Nesi anawangoja mlango wa nyuma. Nendeni, wanangu, hakuna atakayewafokea, na msijitibu wenyewe kimyakimya. Daktari lazima awatazame.

La tatu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, niwie radhi. Joho la tatu vipimo vyake nilivichukua mimi, maana mwenyewe alikataa kupimwa na mtu mwingine. Leo mkanda wake umezungushwa mara mbili, na karatasi ya ratiba inamtetemeka mkononi mpaka huku jukwaani naiona. Nyumbani nimeuliza, nikajibiwa, "Mama nawe! Ni uchovu wa mtihani." Nimezaa mmoja tu, ndugu zangu. Ninaogopa. Ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Namshukuru Mgeni Rasmi, naishukuru Bodi, nawashukuru wazazi kwa kutuamini, na nyote asanteni kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu.

Sasa tunakabidhi mikasi, kila mhitimu wake, kama ilivyo desturi. Wa kwanza ni wewe, mwanangu. Njoo, usiogope watu. Mkasi wako nimeushika mkono wa kulia. Wa kushoto uko wazi, unangoja hicho kichupa chako.