Mama Domina, Aliyekataa Kuuza Kabla ya Kuonja

Baada ya miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta ya vipuri, Mama Domina Gregori anastaafu leo, Ijumaa tarehe 19 Desemba 2008. Alianza kazi hapa gerejini kwetu, Langley Park, huku ughaibuni, mwaka 1989, akiwa mpokea simu. Mwaka haukuisha kabla hajaishika kaunta yote, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Mwenye gereji, Bwana Ferdinand, ambaye sote tunamwita Patron, yaani bosi, kama wanavyomwita wenzake wa Bukavu, ndiye aliyeniagiza niandike ukurasa huu wa programu ya kumuaga. Alitaka nitaje utiifu wa Mama, uchangamfu wake na mandazi yake ya Krismasi. Aliniomba pia nisiiguse ile habari ya chama. Mandazi ni matamu, Mungu ni shahidi. Uchangamfu upo, tena mwingi. Huo utiifu mimi sijawahi kuuona, na siwezi kuandika nisichokiona. Basi nitaandika habari ya chama.

Kwanza mumjue mtu mwenyewe. Mama Domina ni mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Alikuja huku na mumewe, dereva wa ubalozi, na magari alijifunzia kwa mumewe huyo, wakibishana jikoni. Yeye mwenyewe hana gari. Miaka yote hii amekuja kazini kwa basi, amesimama, mkoba kifuani, anasukumwa kama sisi wengine. Tukimuuliza kwa nini hanunui gari, na vipuri anavipata kwa bei ya nyumbani, hujibu kwamba siku atakayokuwa na gari lake ataanza kudhani magari yote ya dunia yanaumwa ugonjwa wa lake.

Wageni wetu wasio mafundi wanivumilie kidogo hapa. Gari lenye turbo hupuliziwa hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta nayo sharti yazidi, la sivyo injini inachemka mpaka pistoni zinayeyuka. Vijana wanaoongeza nguvu ya turbo ndio wanaotafuta kile tunachokiita kiboksi, yaani kidhibiti cha mafuta cha kununua dukani. Kuna kiboksi kidogo, ambacho kazi yake ni kuidanganya kompyuta ya gari ili imimine mafuta zaidi au ipunguze. Halafu kuna kikubwa, kinachoing'oa kompyuta yenyewe na kukaa mahali pake, kama wifi aliyekuja kusalimia akahamia. Ukichagua vibaya, unaua injini kwa pesa yako mwenyewe.

Mama Domina hakuuza kiboksi hata kimoja kabla ya kulionja gari. Ndivyo alivyosema, kuonja, na neno hilo sasa ni la gereji nzima. Alibandika geji ya hewa na mafuta kwenye kioo cha mbele, akajifunga mkanda upande wa abiria, akamwamuru mwenye gari aendeshe anavyoendesha kila siku, asijitie ulokole. Wakaingia Beltway, barabara kuu ya mwendo kasi inayolizunguka jiji. Mama akasema kanyaga, jicho kwenye geji, sikio kwenye injini. Alikuwa akisema hajaona mpishi anayetia chumvi kwenye mchuzi ambao hajauonja, na kama yupo basi asimwalike.

Patron hakuipenda kazi hiyo. Kaunta inabaki tupu, simu zinalia, na watu wa bima wakisikia karani wa vipuri yuko barabarani na mteja watazimia. Nasema haki yake, maana leo si siku ya kumwonea mtu: hayo yote yalikuwa kweli.

Sasa habari yenyewe. Mwaka 2005, majira ya kuchipua, vijana wa Kikenya wenye magari ya turbo waliunda chama. Mnatujua. Wakenya wawili wakikutana ughaibuni wanaanzisha chama, wa tatu akija anachaguliwa mweka hazina. Wengine wanachangia ploti, hawa walichangia magari. Mwenyekiti alikuwa Kipchumba wa Falls Church, mtu wa kompyuta, mwenye Subaru ya buluu anayoipenda kuliko usingizi. Yeye alisoma habari za kiboksi kimoja kidogo, kikamvutia, akakipendekeza kwenye kikao. Pendekezo likaungwa mkono, likapitishwa kwa kauli moja, na maombi ya kufunga yakaombwa. Magari sita ya aina mbalimbali, umri mbalimbali, yenye turbo tofauti tofauti, yote yakapigiwa kura yanunuliwe kiboksi kilekile, kwa jumla, kama sare za harusi.

Walipoleta oda, Patron alifurahi mpaka akawanunulia soda. Mama Domina akaisoma, akaikunja, akawarudishia. Aliwaambia dawa haipigiwi kura. Mtu mmoja nyumbani akiwa na malaria, hampangi foleni familia nzima mdungwe sindano. Kila gari lije lionjwe, na kila gari litapata lake.

Vijana walinuna wakaondoka, wakitishia kwenda duka jingine. Patron akawaka. Alimwambia Mama mbele yetu sote, kwa Kiswahili chake cha Kivu, kama Jumamosi haitamukuta ameuza hizo boksi sita, basi alete funguo za kaunta. Jamani, sisi tuliinamisha vichwa kwenye boneti. Mama ana kodi, ana binti chuoni, mume alikuwa ameshafariki. Alichomoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya kaunta taratibu, akasema zitakaa hapo mpaka Jumamosi, na mwenye haraka azichukue sasa hivi. Patron hakuzichukua. Zilikaa hapo wiki nzima, na Mama aliendelea kuuza plagi na mikanda pembeni yake kana kwamba ni funguo za mtu aliyesahau.

Aliyerudi wa kwanza alikuwa Makena, muuguzi wa Oxon Hill, mwanamke pekee katika chama kile. Gari lake, kuukuu la rangi ya maziwa, lililonunuliwa likiwa tayari limeongezwa nguvu, lilikuwa na tabia mbaya: akiingia Beltway akakanyaga, lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likapoteza nguvu huku malori yanamfuata nyuma. Wanachama walimhakikishia kwamba lina njaa ya mafuta na kiboksi ndicho kitakacholiponya. Makena hakushawishika. Alisema kazini kwao anayemdunga mgonjwa sindano kabla ya kumpima anaitwa ofisini.

Mama akaingia, akabandika geji, wakaenda mpaka karibu na mto na kurudi. Gari halikuwa na njaa hata kidogo. Lilikuwa limelewa. Geji ilionyesha mafuta yamezidi, na kiboksi kile, kwa jinsi chama kilivyotaka kukipanga, kingeyaongeza tena. Nilifungua boneti mimi mwenyewe: mpira mmoja wa kupitisha hewa ya turbo ulikuwa na mpasuko upande wa chini. Gari likisimama, mpasuko unajifunga, huuoni. Turbo ikipuliza kwa nguvu, unafunguka, hewa inatorokea huko huku kompyuta ikimimina mafuta ya hewa isiyofika. Ungeuona wapi hapa gerejini? Ilibidi aende naye barabarani. Tulibadilisha mpira, Makena akaenda zake, na kesho yake akapiga simu akicheka peke yake.

Makena alipoitisha kikao cha dharura cha chama sikuwepo, ila naambiwa hakuomba ruhusa ya mwenyekiti. Jumamosi asubuhi Patron alipofika, uani kwetu hapakuwa na pa kuegesha. Magari yote sita yalikuwa yamepangwa, boneti wazi, wenyewe wakisubiri kuonjwa. Patron aliyahesabu, kahawa yake mkononi. Kisha akaingia ndani, akachukua funguo juu ya kaunta, akamkabidhi Mama. Tulipiga makofi na hatukuomba radhi.

Msidhani Mama alipatia yote. Gari la Kipchumba alilionja, akasema kiboksi kidogo hakitalitosha, anunue kile kikubwa. Kipchumba akakataa, mbishi kakutana na mbishi, akafunga kile kidogo. Kikamkaa kama alivyotaka, na Subaru ile inapaa mpaka leo. Mama alimwita kwenye kaunta siku yenye watu wengi, akatamka kwa sauti kwamba amekosea, na kwamba atakosea tena, lakini hatakosea kwa gari ambalo hajalionja. Kipchumba leo ndiye mgeni wetu wa kusema maombi. Ayafupishe.

Sasa nifike pale ambapo Patron hakutaka nifike. Jumatatu wiki hii alitutangazia kwamba kuanzia Januari viboksi vitauzwa kwa simu na kwa kompyuta, bila kuonja. Alimsihi Mama abaki mwaka mmoja zaidi asimamie mpango huo. Mama alimjibu kwamba miguu imechoka, ila kichwa hakijachoka kiasi hicho. Ndiyo maana anaondoka leo, si kwa sababu nyingine yoyote mtakayoisikia kwenye hotuba.

Kwa desturi ya gereji yetu, mstaafu humkabidhi mwenye gereji funguo mbele ya wageni. Patron, usinyooshe mkono. Mama alitukabidhi jana, sisi mafundi watatu, na geji yake akaiongeza. Ukitaka kutuambia tuzirudishe, unajua mahali pa kuzikuta: juu ya kaunta, wiki nzima, kama mara ile.

Mama Domina, asante kwa magari uliyoyaponya na kwa yale uliyokataa kuyaua. Asante kwa kutufundisha kwamba kuuliza si ujinga, hata mbele ya anayekulipa mshahara. Nenda ukale matunda ya jasho lako, mkwe akuheshimu na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Leo hupandi basi. Magari sita yako nje yanakusubiri, na hatukuweza kukubaliana ni lipi likupeleke nyumbani, kwa hiyo utakwenda na msafara.

Januari tunafungua kama kawaida. Patron, tutaonja.

Ndirangu, fundi, kwa niaba ya wenzake