Kaa wa Mansukhbhai

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuchora majalada ya muziki katika matbaa yetu ya Pwani Njema, Malindi, Bwana Mansukh, Mansukhbhai wetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Ukuta wa chumba chake tumeupima: rangi iliyomwagika hapo ingetosha kupaka msikiti na hekalu, na ikabaki.

Alipoajiriwa alikuwa mchoraji wa kadi za harusi na vibandiko vya chupa za achari. Muziki aliokuwa akiujua ni bhajani za mamake, Induben, na taarabu iliyopenya dirishani kutoka kwa jirani. Ndipo akatokea Thoya, mpiga gitaa wa bendi ya Radi Kavu ya Kilifi, nywele zimemfika mabegani, akitaka jalada la kanda ya roki. Mansukhbhai aliona haya kuuliza roki ni kitu gani. Akamwendea meneja wetu wa siku hizo, marehemu Mzee Uthman, ambaye hakupata kukosa jibu maishani mwake. "Roki ni mwamba," akasema Mzee, na mambo yakawa yamekwisha.

Basi akabeba rangi zake hadi Watamu, akachora mwamba. Mwamba hasa, wa matumbawe, mpaka maji yakajaa yakamlowesha suruali. Juu yake palikuwa na kaa mkaidi aliyekataa kuondoka, magando juu kama mpiga ngoma, akamchora naye. Thoya alipoonyeshwa alicheka hadi akaketi sakafuni. "Mansukhbhai, nimekuagiza kelele, umeniletea kitoweo!"

Lakini siku ya uzinduzi ilikuwa imebisha hodi, kanda zikatoka vivyo hivyo. Haukupita muda, vijana wa Kilifi hadi Matsangoni wakawa wanaulizia "ile ya kaa" bila hata kuitaja bendi. Tangu hapo kila bendi ya roki iliyotujia ilitaka kaa wake, naye akawa anamficha: ndani ya tundu la gitaa, katikati ya moshi, hata kwenye ndevu za mpiga besi. Sisi tulishindana kumtafuta. Mimi, msahihishaji wa matbaa, niliyeajiriwa kwa ajili ya macho yangu, nilikuwa wa mwisho kila mara. Kaingu wa mashine ya kukatia alinishinda huku anakunywa chai.

Kanda zikapisha sidii, sidii zikapisha vijipicha vya simuni visivyozidi ukucha. Kaa akawa mdogo kuliko chawa, na bado Mansukhbhai alimtia miguu yote.

Mwaka huu jicho lake la kulia limeingia ukungu. Ndipo Thoya akarudi, sasa kipara kinang'aa, na santuri ya kuwaaga mashabiki, akiutaka mkono uleule. Mitali, mwanafunzi wa Mansukhbhai, alijitolea kumsaidia kwa kompyuta. Akakataa, alitaka kujua kama mkono ungali unaona pale jicho lisipoona.

Jalada lilitoka zuri: mwamba uleule wa Watamu, maji yamekupwa. Ila kaa hakuwapo. Tulimtafuta sote, hata kwa lenzi, kila mtu akiogopa kusema anachofikiri. Mimi ndiye niliyetumwa kumuuliza. Nikaishia kumuuliza kama mvua itanyesha.

Kaingu alipoanza kukata karatasi, akapiga ukelele. Kwenye ule ukingo unaokatwa na kutupwa, kaa alikuwapo, miguu yote timamu, anatembea kwenda nje ya jalada. Mansukhbhai alikuwa mlangoni akitungoja. "Naye anastaafu," akasema. "Amekaa mno."

Ahsante, Bhai, kwa kelele zote ulizotuchorea. Jicho lipone, mkono usichoke, na mkeo, Bi Janki, akupokee nyumbani kwa subira, kuta zake nyeupe azifiche.

Nanyi wageni wetu, mkiona programu hii ya kumuaga ina kingo zisizonyooka, msilaumu mashine. Kaingu amekataa kuikata. Tazameni chini, kulia kabisa: Mitali amechora mnyama mdogo, na chini yake neno moja. Msahihishaji wenu amelikagua mara mbili, na safari hii ana hakika. Si jina, ni kitenzi.

Kaa.