Mama Mikono Juu Anaaga Chumba cha Seva

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika hospitali yetu, Mama Mikono Juu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi lipo masijala, lakini akiitwa kwa hilo hata yeye mwenyewe huchelewa kuitika.

Alianza kama mpiga chapa wa wodi ya wazazi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ile ya skrini nyeusi isiyo na picha wala kipanya, wakubwa wote waligundua ghafla kwamba wana shughuli nyingi. Yeye akavuta kiti. Alijifunza amri moja moja, na mashine ile akaiita Babu, kwa sababu ilikohoa kila asubuhi na haikupenda kuharakishwa. Siku Babu alipozimika moja kwa moja, karani mgeni wa mapokezi alisikia koridoni kwamba Babu hatunaye tena, akaja mbio kutoa pole ya msiba. Mama aliipokea kwa mikono miwili, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Jina la Mikono Juu nalo lina kisa chake. Miaka ile ya mwanzo, akiwa ameingia kwa akaunti ya ruti, yaani ile yenye mamlaka yote, alitaka kufuta mafaili machache yaliyopitwa na wakati. Kidole kikateleza, kikaacha nafasi moja katikati ya amri, ikageuka kuwa amri ya kufuta kila kitu, naye akabonyeza Enta. Mfumo ule haumuulizi ruti kama ana uhakika. Huamini kwamba mtu mzima anajua anachofanya. Kumbukumbu za wagonjwa zikafutika zote. Alizirudisha kutoka kwenye kanda za akiba, isipokuwa kazi ya asubuhi ile, akapita meza kwa meza kuomba radhi.

Tangu hapo akaweka sheria: ukiwa ruti, kabla ya Enta, unainua mikono yote miwili na kuisoma amri kwa sauti, kwa Kiswahili. Tulimcheka sana, na wageni walidhani tumevamiwa. Lakini kumbukumbu za wagonjwa hazikupotea tena, na leo mafundi wote, mkuu wa idara akiwemo, huinua mikono bila aibu.

Kuondoka kumemwia vigumu. Mara mbili aliahirisha kukabidhi funguo, akisingizia feni ya seva. Ijumaa iliyopita alikubali, kwa sharti kwamba akaunti yake aifunge mwenyewe. Tulijazana chumbani. Aliandika amri, akainua mikono, akaanza kusoma: ondoa mtumiaji huyu, pamoja na nyumba yake yote. Nyumba ndivyo linavyoitwa folda la kila mtumiaji, na la kwake limejaa maelekezo na mizaha ya miaka yote hiyo. Hapo akaishia, mikono ikabaki hewani. Fundi anayemrithi akasogea, akafuta ile herufi moja inayobomoa nyumba, akarudi nyuma na kuinua mikono yake. Nasi sote tukainua yetu. Mama akasoma upya, akabonyeza.

Asante, Mama. Akaunti imefungwa, lakini nyumba yako ipo pale pale. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Ukitukumbuka, njoo upige hodi. Tutashusha mikono tukufungulie.